Marekani: Wawindaji wanaotengeneza risasi zao nyumbani, na uongo wa matundu matatu

Matundu matatu kwenye karatasi, yamebanana hadi kifuniko kimoja cha Primus kinayafunika yote. Mwindaji wa Wyoming ama Idaho anaipiga picha karatasi hiyo, anaandika kwenye daftari uzito wa baruti aliyotumia, kisha anarudi nyumbani akiamini kwamba risasi ya msimu huu imepatikana. Ameitengeneza mwenyewe, kwenye meza ya gareji yake. Wiki inayofuata anarudi uwanjani na risasi za boksi lilelile, na safari hii matundu yametawanyika mara mbili zaidi. Anaanza kutafuta kilichoharibika. Darubini imelegea? Ni upepo? Ni mkono? Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Karatasi ya kwanza ndiyo iliyomdanganya.

Kwetu huku Kivu neno risasi lina uchungu wake, na siwezi kujifanya sijui. Risasi inayozungumziwa hapa ni ya kuwinda, na watu wenyewe wanaishi katika nchi ambako sheria inaruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake, ambako baruti na fataki vinauzwa dukani sawa vile kwetu wanauza misumari. Nimeifuata habari hii kwa sababu ya ugomvi ulio ndani yake. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa na njia zao za kujua risasi gani ni nzuri, njia zilizoandikwa vitabuni na ambazo baba alimfundisha mtoto. Leo wengi wao wanakubali kwamba sehemu kubwa ya walichokuwa wakikiona ilikuwa bahati tu. Na mtu akikosea hapo, kuna mnyama aliyejeruhiwa anayekwenda kufia porini bila yeyote kumpata.

Babu yangu alikuwa na kaliba 12 ya mtutu mmoja, na kartushi zake alizihesabu vile mama anavyohesabu mayai ya kuuza. Katika pori letu mnyama anaonekana akiwa meta 20, mara chache 30, halafu majani yanamfunika. Babu hakuwahi kujiuliza kartushi inafika mbali gani, sababu jicho lenyewe halikufika mbali. Magharibi ya Marekani ni nchi ya aina nyingine: milima mikavu, mabonde makubwa bila mti, na kulungu wa kule amesimama ng'ambo ya bonde, meta 400 ama 500, akila majani bila habari. Mtu akitaka kumpiga kutoka hapo, kazi inaanza miezi kadhaa kabla, mezani.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano. Kuna fataki, kile kidude kidogo cha chini ambacho pini ya bunduki inakigonga ili moto uanze. Kuna baruti. Na mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Ukishapiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa, lakini ganda linabaki, na mara nyingi ganda ndilo lililokula pesa nyingi kuliko vingine. Mwenyewe hataki kulitupa. Analisafisha, analisukuma ndani ya chuma kinacholirudishia umbo lake, anatoa fataki iliyokufa na kuingiza mpya, anapima baruti kwenye mizani na kuimimina, kisha anakandamiza kichwa kingine mdomoni mwa ganda. Ganda moja linarudia safari hiyo mara kadhaa kabla shingo yake haijapasuka.

Hapo kuna jambo linalochekesha kidogo. Fataki inayoruhusu kazi hii ifanyike kwa urahisi ilibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, na ndiyo wanayoitumia Wamarekani. Ile inayosumbua kutoka ilibuniwa na Mmarekani, Hiram Berdan, nayo ikaenda kuenea Ulaya na katika majeshi mengi ya dunia. Kila mmoja alivuna shamba la mwenzake.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin Mann, alichapisha kitabu cha majaribio aliyoyafanya kwa miaka mingi kwenye uwanja wake binafsi, mtutu ukiwa umefungwa juu ya nguzo ya saruji ili mkono wa mtu usiingilie. Pesa za kufanya hayo yote hazikutoka kwenye udaktari. Alikuwa amebuni mashine ya kukata mifupa ya kulisha kuku. Mann alionyesha kwamba kasoro ndogo tu kwenye kitako cha kichwa inatosha kukipotosha njiani. Lakini kilichoingiza kazi hii majumbani ni uhaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vilifanyia jeshi kazi, na mwindaji wa kawaida hakupata kitu. Mwaka 1943, huko Oroville, California, Fred Huntington alianza kuuza vyombo vya kutengenezea vichwa vya kupigia mnyama mdogo wa kwenye mawe, rock chuck, na jina la kampuni yake, RCBS, linatokana na jina la chombo hicho. Uhaba ulirudi wakati wa korona. Fataki zilipotea madukani kwa miezi mingi, na aliyekuwa na akiba hakumwambia jirani.

Bei basi ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni usawa. Kiwanda kinatengeneza risasi ambayo lazima iingie katika kila bunduki ya kaliba hiyo, mpya kwa nzee. Mtu wa mezani anatengenezea bunduki moja tu, ya kwake. Anaweza kuchagua kichwa kinachopatana na mtutu wake, akakikaza kwa kina kilekile kila mara, akachagua baruti inayoungua kwa mwendo unaofaa, akahakikisha kwamba shingo ya kila ganda inashika kichwa kwa nguvu ileile. Hatafuti nguvu. Anatafuta risasi ya 50 ifanane na ya kwanza.

Hatari ipo, na waliozoea kazi hii hawaichezei. Katika kaliba ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, kipimo cha juu cha msukumo kinachokubaliwa na taasisi ya viwanda vya silaha ya huko, SAAMI, ni zaidi ya bari 4,000. Gurudumu la pikipiki lina bari 2 hivi. Nguvu hiyo inafungiwa ndani ya chuma, sentimeta chache mbele ya jicho la mtu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutumia vipimo vilivyochapishwa na mtengenezaji wa baruti, kuanzia chini na kupanda kidogo kidogo, wala si kuanzia alipofika rafiki. Kanuni ya pili ni chupa moja tu ya baruti mezani, sababu baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa moto. Wanazungumzia pia jua: risasi iliyoachwa juani inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko ileile iliyokaa kivulini, na risasi iliyoonekana salama asubuhi ya baridi inaweza kukaza bunduki saa nane mchana.

Turudi kwenye karatasi.

Njia iliyopendwa ya kutafuta kipimo kizuri inaitwa ngazi, na jina linalotajwa zaidi ni la mlengaji Creighton Audette. Unatengeneza risasi kadhaa, kila moja ikiizidi nyingine kidogo kwa baruti, unazipiga moja moja kwenye shabaha ya mbali, halafu unatafuta mahali ambapo matundu mawili matatu yamekaa kwenye urefu mmoja ingawa baruti iliongezeka. Hapo, wanasema, ndipo mtutu wenyewe unapokubali. Wengine wanapiga risasi tatu tatu kwa kila kipimo na kuchagua karatasi yenye duara dogo kuliko zote. Ni kazi ya Jumamosi nzuri, na jioni mtu ana jibu.

Tatizo ni kwamba jibu lipo hata pale ambapo hakuna swali. Chukua sarafu (kwetu haziko tena, lakini anayevuka kwenda Rwanda anazo mfukoni) na uwape watu kumi, kila mmoja arushe mara tatu. Karibu mara tatu kati ya nne, angalau mmoja wao atapata upande wa kichwa mara zote tatu. Je, huyo ana mkono wa pekee? Hapana. Vivyo hivyo, ukitengeneza vipimo kumi vya baruti ambavyo kwa kweli havina tofauti yoyote, na ukapiga risasi tatu kwa kila kimoja, karatasi moja lazima iwe nzuri kuliko nyingine. Utaichagua, utaipenda, utaiandika kwa kalamu nyekundu. Risasi tatu ni kama kuuliza bei ya unga kwa wauzaji watatu wa soko la Kadutu na kutangaza kwamba hiyo ndiyo bei ya Bukavu nzima.

Kuna jambo lingine ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Duara la matundu haliwezi kupungua. Kila risasi unayoongeza ama inaingia ndani ya duara lililokwisha kuwepo ama inalipanua. Hakuna risasi inayolirudisha nyuma. Kwa hesabu ya kawaida ya mtawanyiko, duara la risasi 10 linazidi la risasi 3 kwa takriban mara 1.6, bunduki ikiwa ileile, risasi zikiwa zilezile na mkono ukiwa uleule. Anayetangaza duara la risasi tatu hajasema uongo kuhusu alichokiona. Amekiona kidogo tu.

Wataalamu wa kiwanda cha Hornady, huko Nebraska, ni kati ya waliosema hadharani miaka hii ya karibuni kwamba makundi ya risasi tatu ama tano hayatoshi kutofautisha kipimo na kipimo, na kwamba mtu afikirie risasi 20 na zaidi kabla ya kuamini. Kelele zilikuwa nyingi. Ninaelewa kwa nini. Kumwambia mtu wa miaka 60 kwamba madaftari yake ya miaka 40 yameandika bahati ni kumgusa pabaya. Halafu kuna gharama. Vipimo kumi mara risasi 20 ni risasi 200, yaani baruti, fataki, vichwa, na bega linalouma. Nani ana uwezo huo?

Wanaokubali hesabu hiyo wamefanya kitu ambacho naona kina akili: wameacha kutafuta tofauti ndogo. Kubadilisha aina ya kichwa ama aina ya baruti kunaweza kuleta tofauti kubwa, inayoonekana bila risasi nyingi. Kubadilisha chembe chache za baruti ileile, mara nyingi, ni kukimbizana na kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Houston, Texas, mlengaji Virgil King na wenzake walipata ghala kubwa la saruji na wakawa wanapigia ndani yake, bila upepo, bila jua, bila mvua. Upepo ulipoondoka, ilionekana wazi kwamba ni bunduki chache tu zilizoweza kupitisha risasi karibu kwenye tundu moja. Nyingine hazikuweza, na hakuna baruti iliyozisaidia.

Sasa tuvuke bonde. Kichwa kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa meta 820 kwa sekunde kinafika meta 500 kwa muda wa sekunde 0.7 hivi. Tuseme risasi moja ina upungufu wa meta 15 kwa sekunde kuliko mwenzake, kosa dogo la mezani. Kwenye meta 100 tofauti ni kama milimeta 3, hata hutaiona. Kwenye meta 500 inafika karibu sentimeta 8 kwenda chini. Hiyo ndiyo sababu wanatumia mashine ya kupima mwendo, kronografu, kuhakikisha kwamba risasi zao zinafanana. Katika hilo kazi ya mezani inasaidia kwelikweli. Lakini upepo mwepesi wa kilometa 10 kwa saa, ukitoka ubavuni, unakisukuma kichwa hichohicho kama sentimeta 30. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu, mahali ambapo risasi inamwangusha upesi, ni kama sentimeta 20 kwa upana. Mtu anaweza kutumia mwaka mzima kupunguza zile 8, kisha akakosea upepo kwa jicho tu na kumpiga mnyama tumboni. Na katika zile sekunde 0.7 mnyama anaweza kupiga hatua moja mbele. Dhidi ya hatua hiyo mizani haina dawa.

Hata risasi inayokwenda panapotakiwa inaweza kushindwa. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda huko British Columbia, Kanada, akampiga moose, yule kulungu mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amejipaka matope makavu. Vichwa vyake vilikuwa vya mwendo mkali na vilipasuka juu juu bila kuingia ndani. Mnyama hakuanguka upesi. Nosler alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa shaba: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea kuingia. Kinauzwa hadi leo kwa jina la Partition. Si lazima kiwe kile kinachotoboa karatasi kwa duara dogo kuliko vyote, na vile vinavyoshinda kwenye mashindano ya shabaha vingi havifai kupiga mnyama. Mtu anayechagua risasi kwa karatasi peke yake anasahau kwamba karatasi haina mifupa.

California imeongeza mzigo mwingine. Tangu tarehe 1 Julai 2019, kuwinda huko kwa vichwa vyenye madini ya risasi kumekatazwa kabisa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya tai wakubwa waitwao condor, waliokuwa wanakufa kwa sumu baada ya kula mizoga na matumbo yaliyoachwa na wawindaji. Wengi walihamia vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule ni kirefu zaidi, na mitutu mingine inashindwa kukizungusha sawasawa. Madaftari yakafunguliwa ukurasa mpya.

Wawindaji wenyewe hawakubaliani juu ya umbali. Boone and Crockett, klabu iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, imetoa msimamo kwamba kumpiga mnyama kutoka mbali kupita kiasi kunamnyima nafasi ya kutumia macho, masikio na pua yake. Haikutaja idadi ya meta. Imesema jambo liko katika nia ya mtu. Roosevelt mwenyewe tunamfahamu kwa njia yetu. Mwanzoni mwa 1910 alipiga kambi Lado, kando ya Nile, eneo lililosimamiwa wakati huo na Wabelgiji, akiwafuata vifaru weupe wa kaskazini. Wa mwisho wa porini walikuwa kwetu, Garamba. Leo wamebaki majike wawili tu, wako Kenya chini ya ulinzi.

Katika Lado hiyohiyo alipita Mskoti W.D.M. Bell, aliyeua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimeta 7. Hakuwa mtu wa kupiga mbali. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha alisogea karibu. Kuhusu risasi aliuliza jambo moja: je, itawaka? Alizisifu za Kijerumani alizotumia kwa sababu hazikumwangusha. Yule mtu ametuachia pori tupu, na simtaji kwa kumsifu. Ninamtaja kwa sababu usawa wa risasi alioutafuta yeye ndio huohuo wanaoutafuta watu wa gareji, yeye akiwa meta 30 kutoka kwa mnyama, wao wakiwa 500.

Kwa msomaji wa huku, hii si kazi ya kujaribu nyumbani. Kwetu silaha na risasi ziko chini ya amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji uko chini ya sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Bila ruhusa ya serikali hakuna bunduki, hakuna risasi, hakuna mawindo. Hatuna haja ya maelezo marefu ili tujue pupu za kienyeji na kartushi zisizo na asili zimewafanya nini watu na wanyama wetu.

Jambo moja la mwisho nililikuta kwenye hesabu zao. Mtutu una umri. Moto wa kila risasi unakula chuma pale mwanzo wa mtutu. Katika kaliba kama 6.5 Creedmoor, ambayo Hornady iliitoa mwaka 2007, wengi wanategemea risasi 2,000 hadi 3,000 kabla shabaha haijaanza kulegea. Katika zile kubwa zenye baruti nyingi, nusu ya hapo ama chini. Mtu anayepiga 200 ili achague kipimo, na 200 nyingine ili ahakikishe, na nyingine kila mwaka ili asipoteze mkono, anautafuna mtutu uleule anaojaribu kuufahamu. Siku atakapokuwa na namba za kutosha, atapeleka bunduki kwa fundi, atafungiwa mtutu mpya, na ataanza tena na risasi ya kwanza.